Hakuna "mlezi tu": anayelea mwenye ulemavu naye alipiwe matibabu

Vijana wenzangu wa Malindi, Kilifi na pwani nzima.

Andiko hili ni refu kidogo. Naomba usilipite kwa kidole kama unavyopita matangazo. Linamhusu mtu unayemjua. Kama si mamako, ni shangazi yako. Kama si shangazi, ni yule jirani ambaye kila ukipita asubuhi yuko barazani anamlisha mtu mzima kwa kijiko.

Mtaani kwetu kuna mama wa namna hiyo. Mtoto wake alizaliwa kwa tabu, akachelewa kulia, na mpaka leo hajatembea wala kukaa peke yake. Huyo mtoto sasa ana miaka 22. Ana ndevu. Mama bado anamnyanyua: kitandani hadi bafuni, bafuni hadi mkekani, mkekani hadi ndani jua likiwa kali. Kumlisha ni yeye, kumuogesha ni yeye, kumgeuza usiku asipate vidonda ni yeye. Hana zamu ya kupokelewa wala siku ya mapumziko.

Mwaka jana akaanza kushikwa na maumivu kinenani. Akanyamaza, kama kawaida ya mama zetu. Uvimbe ulipozidi nikamsindikiza hospitali. Daktari akamwangalia, akasema ni ngiri, yataka operesheni, na mpaka hapo asinyanyue kitu kizito. Mama akacheka, akamwambia, "Daktari, kitu changu kizito kina jina."

Tukaenda dirishani. Tukaambiwa mchango wake wa bima haujalipwa, kwa hivyo alipe wa mwaka mzima kwanza, ama alipe keshi. Mama akasema kwa upole, "Mwanangu, serikali yanijua. Ile pesa ya kijana wangu yaingia kwa simu yangu mimi." Jibu alilopewa sitalisahau: "Hiyo ni ya mgonjwa, mama. Wewe ni mlezi tu."

Mlezi tu.

Tukarudi nyumbani na vidonge vya maumivu. Jioni ile ile nikamuona ameinama, anamnyanyua kijana wake.

Simlaumu yule wa dirishani, yeye asoma kilichoandikwa kwenye skrini. Lawama yangu ni kwa mpango mzima uliomfundisha kusema hivyo. Na nataka tuuelewe mpango wenyewe, maana ukilalamika bila kuelewa, watakuzungusha mpaka uchoke.

MAMBO YALIVYO

Kuna mifuko miwili ya serikali inayogusa nyumba kama ile.

Wa kwanza ni Inua Jamii. Ndani yake kuna fungu la watu wenye ulemavu mkali, yaani wale wanaohitaji mtu wa kuwahudumia kila siku. Kaya hupata shilingi 2,000 kwa mwezi, na wakati mwingine hutumwa ya miezi miwili pamoja. Kiwango hicho kimesimama palepale kwa zaidi ya miaka kumi. Unga umepanda, mafuta yamepanda, pampasi za watu wazima zimepanda, nauli ya boda imepanda, lakini elfu mbili ni ile ile. Kwa kuwa mwenye ulemavu mkali mara nyingi hawezi kujichukulia pesa mwenyewe, huandikishwa mlezi. Kitambulisho chake kinachukuliwa, jina lake linawekwa kwenye faili. Kwa ufupi, serikali inamjua mlezi kwa jina na kwa nambari.

Wa pili ni SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya 2 na ya 3 vinalipiwa na mfuko mwingine, kwa hivyo kwa homa na kifua hudaiwi mchango. Lakini ukifika ngazi ya 4 kwenda juu, kwenye vitanda, operesheni na vipimo vikubwa, lazima mchango uwe umelipwa. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kila mwezi. Asiyeajiriwa huulizwa maswali kuhusu nyumba yake na mali yake, kisha mashine humpangia kiasi cha kulipa, na hutakiwa akilipe cha mwaka mzima kwa pamoja. Kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka.

Mifuko miwili, serikali moja. Upande mmoja unamjua mama huyu vizuri sana, kwa kuwa ndiye anayepokea. Upande wa pili unamtazama kama mtu aliyetoka hewani, asiye na mzigo wowote, na kumwambia: lipa.

TUPIGE HESABU PAMOJA

Toa simu yako ufungue kikokotoo.

Tuseme mama hana pato lingine ila zile 2,000. Na kwa kweli atapataje pato lingine? Kibanda cha mahamri ataendeshaje, na mtu hawezi kuachwa saa moja peke yake? Asilimia 2.75 ya 2,000 ni shilingi 55. Lakini kwa sababu ya kile kiwango cha chini, anadaiwa 300. Hiyo ni asilimia 15 ya pato lake.

Sasa mchukue mwenye mshahara wa laki moja. Yeye hukatwa shilingi 2,750. Asilimia 2.75, hakuna zaidi.

Soma tena. Mwenye laki moja atoa asilimia 2.75. Mwenye elfu mbili, ambazo hata si zake, ni za kumlisha mtu asiyeweza kukaa, atoa asilimia 15. Na yule wa laki moja hukatwa kidogo kidogo kila mwezi, huku mama akitakiwa kutoa 3,600 kwa mpigo. Pesa za miezi miwili zikimfikia, 4,000, akilipa SHA anabakiwa na 400 za kuishi miezi miwili na mwanawe.

Na hiyo 3,600 ni pale mashine ikimhurumia. Hapa kwetu kuna jambo ambalo walioandika yale maswali sijui kama walilifikiria. Nenda Mambrui, nenda Takaungu, nenda Shella ya Malindi. Utamkuta bibi anakaa nyumba ya mawe iliyojengwa na babake au marehemu mumewe, ina ukuta mnene na mlango wa zamani. Ndani hakuna hata sukari. Ukiuliza ukuta, atajibu mawe. Ukiuliza paa, atajibu mabati. Kwenye karatasi huyo ni tajiri. Mgongo wake uliokwisha kwa kunyanyua mtu hauko kwenye karatasi.

KAMBA MOJA, WATU WAWILI

Jambo ninalotaka ulibebe ni hili: mlezi na anayelelewa wamefungwa kamba moja. Ukimkata mmoja, wa pili anaanguka.

Mama akilazwa, kijana atalishwa na nani? Akifa kwa ngiri iliyokaba utumbo, kwa sababu ya operesheni ambayo hospitali inaiweza, yule kijana hataishi muda mrefu baada yake. Wanaofanya kazi hii mtaani wanalijua hilo. Kwa hivyo kumlipia mlezi matibabu ni kumlipia mwenye ulemavu pia. Mikono ya huyu mama ndiyo miguu ya yule kijana.

Lakini mpango wetu umefunga ile kamba kwa upande mmoja tu. Penye hasara, wanafungwa pamoja. Penye faida, wanatenganishwa.

Angalia. Jina la kijana likiondolewa kwenye orodha ya Inua Jamii, iwe kwa sababu uhakiki ulipita na mama hakuwa na habari, au laini ya simu ilipotea, au kitambulisho hakikulingana, ni mama anayekosa chakula. Pesa zikichelewa, ni mama anayekopa dukani. Kijana akifariki, pesa hukoma, na mama anabaki na umri wa miaka hamsini na kitu, mgongo mbovu, hana akiba, hana kazi aliyowahi kuajiriwa, na hana bima. Miaka 22 ameifanyia serikali kazi ambayo wangeajiriwa wauguzi watatu kuifanya, na siku ya matanga ndiyo siku ya mwisho anajulikana.

Hapo kamba imefungwa barabara. Lakini akiugua yeye? "Wewe ni mlezi tu."

WATASEMA

Nawajua watakaojibu. Wacha niwajibu mapema.

Kuna watakaosema: "Mbona NHIF ilikuwa 500 kwa mwezi na mlikuwa kimya? Sasa imeshuka 300." Kweli, kwa asiyeajiriwa ilikuwa 500, na sikatai kwamba 300 ni ndogo kuliko 500. Lakini wengi walizoea kulipa mwezi kwa mwezi, kidogo kidogo. Tena chini ya NHIF kulikuwa na mpango wa ruzuku ambapo serikali ililipia bima wazee na watu wenye ulemavu mkali waliokuwa kwenye Inua Jamii. Haukuwafikia wote, na uliyumba. Lakini fikra yake ilikuwa sawa: ukiwa kwenye orodha ya msaada, basi na bima yako ishughulikiwe. Fikra hiyo ndiyo tunayotaka irudi, irudi ikiwa imara, na imtaje mlezi.

Wengine watasema: "Serikali tayari imetangaza kuwalipia watu milioni 2.2." Ndiyo, Oktoba 2025 Rais William Ruto alitangaza hivyo, na aliyepata tunamwambia alhamdulillah, tumia. Lakini swali langu ni moja: mama wa mtaani kwetu atajuaje kama yumo? Nani alimpa barua? Akiwa hayumo, amuulize nani? Haki huwa na mlango unaojulikana. Kama inakubidi usubiri jina lako litajwe, na usipotajwa huna pa kugonga, hiyo ni bahati nasibu. Kaya iliyo na mtu mwenye ulemavu mkali tayari imepimwa na kuandikishwa na serikali hiyo hiyo. Kwa nini ipimwe upya kuhusu paa?

Wengine, na hawa wako ndani ya nyumba zetu, watasema: "Mwambieni asubiri, ana thawabu zake." Subhanallah. Thawabu zake ziko kwa Mola wake, hazihitaji sisi tuzihesabu. Lakini subira ya mama isiwe pahala pa kujifichia mbunge, afisa na sisi wenyewe. Unayemwambia asubiri, umewahi kumshikia zamu hata Ijumaa moja ili aende kupimwa presha?

Na wengine watasema: "Tufanye mchango kwa WhatsApp." Tumefanya. Tutafanya tena, inshallah, na mama huyu tunamchangia mpaka akate tiketi ya operesheni. Lakini hesabu magrupu uliyomo. Wiki hii figo ya fulani, wiki ijayo mguu wa fulani. Tumegeuka bima ya serikali isiyolipa. Sadaka hutolewa kwa mapenzi na hukoma mtoaji akikosa. Haki haikomi kwa sababu wewe umefulia mwezi huu. Tutoe sadaka, na tudai haki. Moja haifuti nyingine.

TATIZO LETU LA ZAIDI, SISI WA HUKU

Ili uandikishwe SHA wataka kitambulisho. Ili uwe mlezi kwenye Inua Jamii wataka kitambulisho. Na sisi Waislamu wa pwani twajua habari ya kitambulisho: kuulizwa cha babu, kuulizwa cheti cha kuzaliwa cha mtu aliyezaliwa shambani kabla ya uhuru, kuambiwa "njoo wiki ijayo" kwa sababu ya jina lako. Kuna walezi, wengi wao wasichana wa rika letu, walioacha shule kumlea mdogo wao au nyanya yao, na mpaka leo hawana kitambulisho. Hao hata kwenye "mlezi tu" hawajafika. Hawapo kabisa.

Halafu kuna nyumba ambazo mama aliyeandikishwa kama mlezi ameenda Saudia kufanya kazi za ndani ili alete pesa, na mtoto amebaki na nyanyake Gongoni au Marafa. Faili lasema mlezi ni mama. Anayegeuza mtoto usiku ni nyanya. Kubadilisha jina kwenye faili ni safari juu ya safari. Nyanya akiugua, hajulikani popote. Yeye na mjukuu wote wawili wako chini ya huruma ya jirani.

HATA WALIOENDELEA WAMEPIGANIA HILI

Msidhani ni shida ya Kilifi tu. Wengi wetu tuna jamaa Uingereza, waulizeni. Kule mlezi wa mtu mwenye ulemavu ana posho yake mwenyewe, lakini huipata ikiwa tu yule anayemlea anapata posho fulani ya ulemavu. Ya mwenye ulemavu ikikatwa, ya mlezi inaanguka nayo. Kamba ile ile.

Machi 2025 serikali ya Keir Starmer ilitangaza kukaza masharti ya posho ya ulemavu inayoitwa PIP. Watu wenye ulemavu na walezi wao walielewa mara moja maana yake, wakaandika, wakapiga simu, wakawabana wabunge wao. Zaidi ya wabunge 100 wa chama tawala chenyewe walisimama kuupinga mpango huo, na mwanzoni mwa Julai 2025 serikali ikaiondoa ile sehemu ya kukaza masharti. Walezi hawakuwa na bunduki wala mabilioni. Walikuwa na hesabu mkononi na walijua mlango wa kugonga.

Sisi je? Mbunge wetu mara ya mwisho kuulizwa kuhusu walezi ilikuwa lini? Mimi sijasikia. Nimesikia akiulizwa kuhusu jezi.

SHERIA IKO UPANDE WETU

Hili mlishike, maana ndilo linalowafanya maofisa wabadilishe sauti.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya afya ya kiwango cha juu kinachowezekana, na yasema Serikali itawapa hifadhi ya jamii wale wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Kifungu hicho hicho chasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Kifungu cha 47 chasema hatua ya serikali ikikuathiri haki yako, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Hiyo maana yake ni kwamba jina likiondolewa kwenye orodha, hawafai kukuambia "mfumo umekutoa". Waandike barua.

Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023, hiyo hiyo iliyoleta SHA, yasema wasiojiweza watalipiwa na serikali. Na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, kifungu cha 28, wazitaja waziwazi familia: watu wenye ulemavu na familia zao wanaoishi katika umaskini wasaidiwe gharama zinazotokana na ulemavu, na hata apatikane mtu wa kumpumzisha mlezi kwa muda. Kwa kifungu cha 2 cha Katiba yetu, mkataba tulioridhia ni sehemu ya sheria ya Kenya. Na Mei 2025 Rais alitia saini Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu, badala ya ile ya 2003. Sheria hatukosi. Tunachokosa ni watu wa kuwauliza maswali wenye ofisi.

TUNATAKA NINI

Moja. Kila kaya iliyo kwenye orodha ya fedha za ulemavu mkali ilipiwe SHA na serikali moja kwa moja, mlezi akiwemo kwa jina, bila kuulizwa tena kuhusu paa na ukuta. Majina wanayo, nambari za vitambulisho wanazo. Wafanye orodha mbili zizungumze.

Mbili. Fedha za ulemavu zikikoma, iwe kwa kifo au kwa uhakiki, bima ya mlezi isikatwe siku hiyo. Apewe mwaka mzima. Mtu aliyetoka kuzika asiambiwe siku ya arobaini kwamba hana hospitali.

Tatu. Asiondolewe mtu kwenye orodha bila barua, kwa Kiswahili, inayotaja sababu na ofisi ya kukata rufaa hapa hapa karibu. Si Nairobi.

Nne. Kubadilisha jina la mlezi kumalizike kwa chifu na afisa wa ustawi wa jamii, kwa muda unaojulikana, ili nyanya aliyebaki na mjukuu atambuliwe.

Sioni hapo jambo la ajabu. Hatujaomba hospitali mpya wala barabara. Tumeomba anayemnyanyua mwenzake anyanyuliwe akianguka.

SASA WEWE UFANYE NINI

Usiishie kuweka alama ya moyo hapa chini. Wiki hii fanya haya.

Tafuta mlezi mmoja mtaani kwako. Mmoja tu. Keti naye, umuulize: umeandikishwa SHA? Mchango umelipwa? Jina lako liko Inua Jamii? Kitambulisho unacho? Wengi wana simu za kabambe na hawawezi kusoma zile jumbe. Wewe unaweza. Bonyeza naye *147# muone hali yake. Usimchukulie nambari yake ya siri, na usimtoze hata shilingi. Wako vijana wenzetu wanaowatoza wazee kwa kuwabonyezea simu. Aibu yao.

Kama mwenye ulemavu hajaandikishwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, uliza hospitali siku ya tathmini ni lini, kisha mpeleke. Mnyanyue wewe siku hiyo. Mgongo wako bado mzima.

Kama jina limeondolewa, andika barua fupi kwa afisa wa ustawi wa jamii wa kaunti ndogo, utaje kifungu cha 47, uombe sababu kwa maandishi. Fanya nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Wakikaa kimya, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayoitwa Ombudsman. Ofisi yaogopa karatasi yenye muhuri kuliko kelele mia za mtandaoni.

Na mikutano ya maoni ya wananchi kuhusu bajeti ya kaunti ikitangazwa, nenda. Najua, huwa inachosha na soda ni moja. Lakini huko ndiko pesa hugawanywa. Serikali ya Kaunti ya Kilifi inaweza kutenga fungu la kuwalipia michango walezi ambao serikali kuu imewaacha. Hilo halitaandikwa kama hakuna aliyelitaja chumbani. Enda na mlezi mwenyewe, mpe kipaza sauti azungumze yeye, na wewe ubaki nyumbani kwake umshikie zamu.

Nimalize kwa yule mama. Alhamisi iliyopita nilipita kwake. Bado hajafanyiwa operesheni, tunakusanya. Nikamuuliza hali, akaniambia, "Mimi mzima, mwanangu, muangalie huyu, leo hakula vizuri." Hata kujihesabu kuwa mgonjwa hajihesabu. Serikali haimhesabu, naye hajihesabu. Basi sisi tumhesabu, na hesabu tuipeleke panapohusika.

Mtaje mlezi unayemjua kwa moyo wako, usiweke jina lake wala picha yake hapa. Kisha fika kwake. Ukishafika, rudi utuambie ulichokikuta: ameandikishwa au hapana, amelipiwa au hapana, wadi gani. Tukipata majibu ya kutosha tutayapeleka kwa wawakilishi wetu wa bunge la kaunti yakiwa mkononi, kwa maandishi, na tutaomba muhuri.

Sambaza kwa kijana mwenzako. Wassalamu alaykum.